Kutoka Kulia

Kazi yangu ni kugeuza kurasa.
Al Khuwair, ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani,
Sajiv ananiletea tovuti iliyotengenezwa mbali
nami naipindua kama kanzu iliyovaliwa ndani nje:
menyu, mishale, picha ya daktari anayecheka kwa meno yake yote,
vya kushoto vyote navileta kulia.
Si kila kitu kinageuka. Saa haigeuki.
Namba ya simu haigeuki.
Ile pembetatu ya kuchezeshea video nayo huachwa ilivyo,
kwa sababu, wanasema, mkanda ulikwenda upande mmoja tu,
ingawa mkanda wenyewe tumeshauzika zamani.

Jioni narudi Mabela. Joto arubaini na tatu, magari hayasogei.
Nyumbani kiyoyozi kinanguruma, Bi Zayana yuko mbele ya runinga
na tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiarabu cha Shamu.
Sauti ameizima.
"Wanasema maneno mengi ya bure," ananambia,
na anawasemea yeye, kwa Kiswahili cha Wete.
Mwanamme mwenye ndevu anafungua mlango wa gari,
bibi yangu anamtia maneno kinywani:
"Mama kasema nisikuoe. Lakini mama mwenyewe hajui kupika."
Masikini, hajapata kuandikiwa vizuri zaidi.

Chumba cha pili Tasim anapigana vita.
Hedifoni kichwani, jicho hapepesi.
Amri anazitoa kwa Kiarabu, hesabu ya risasi kwa Kiingereza,
akipigwa yeye ni "Mama wee!"
na kijana mmoja wa Salmiya, ambaye hawajaonana,
siku hizi naye akifa anasema mama wee.
Lugha inasafiri hivyo, bila pasi wala viza,
nami nalipwa mshahara kuweka lugha mbili tu
kwenye kona ya juu ya kila ukurasa.
Sikuwahi kuona haya. Mteja hakuomba ya tatu.

Mpaka juzi, Bi Zayana na jicho lake.
Kliniki ya Ghubra haipokei tena simu; miadi ni ya mtandaoni.
Nikamkalisha, nikamfungulia ukurasa, kazi ya mikono yangu,
nikangoja sifa.
Kiarabu cha pale alikisoma chote; maana ndiyo ilichelewa kufika.
Akashuka hadi chini, akapanda tena hadi juu.
"Na hapa, mwanangu, sisi tuko wapi?"

Akachukua risiti ya duka, akaandika nyuma yake,
kutoka kulia, kwa herufi za chuoni:
sukari, iliki, betri mbili za rimoti.
Kiswahili, kinakuja kwa upande uleule ninaowauzia wateja.
Miaka kumi na moja nageuza kurasa za watu
na yetu ilikuwa imeshageuka, imekaa jikoni, chini ya sumaku ya friji.

Usiku ule nikaongeza lugha ya tatu
kwenye nakala ya majaribio ambayo Sajiv haiangalii.
Jina lako. Jicho lipi? Bonyeza hapa.
Fonti tuliyoinunua riali sitini haizijui nukta zetu:
kila penye pe, kisanduku kitupu.
Mahali pa kuzaliwa, Pemba, pakatoka
kisanduku, kisha mba.

Alicheka mpaka akakohoa.
"Kisiwa wamekila, wameniachia mba!"
Kisha akabonyeza kwa ukucha wenye hina,
na maandishi yakamjia: Ahsante, Bi Zayana. Tunakungoja.
Ujumbe haukwenda kokote. Nakala haina mlango.
Asubuhi nikamwekea miadi mwenyewe, kwa Kiarabu,
Jumatano, saa nne na nusu.

Hajui.
Amewaambia majirani kuwa hospitali siku hizi inasema Kiswahili.
Wawili wameshaniomba anwani.